Kamba Nilizozifua

Mwaka ukikaribia kuisha watu hupenda kuulizana maswali ya ajabu. Juzi Mama Ndoo, kiongozi wa wasafishaji wa hospitali, alipita dukani akaniuliza, "Haya, na wewe mwaka huu unashukuru kwa lipi?" Nikamjibu bila kufikiri mara mbili kwamba nashukuru kwa sababu nilifua kamba. Alicheka mpaka akashika meza. Yeye habari yenyewe anaijua, maana gauni lake lilikuwa mojawapo ya yale tisa niliyoyaharibu. Wewe huijui, kwa hiyo kaa nikusimulie, na usinikate kauli.

Kwanza ujue kwamba mimi ni mtu wa kukagua. Miaka ishirini na sita nilikaa kwenye mizani ya kiwanda cha sabuni, kipande baada ya kipande, kilichopungua uzito nakitupa huku, kilichopinda nakitupa kule. Kazi hiyo ukiifanya muda mrefu inakuingia kwenye damu. Naweza kwenda msibani kutoa pole nikajikuta natafuta kiti kisicholingana na vingine. Mwezi wa tatu kiwanda kikafungwa. Tulifika asubuhi tukakuta geti lina kufuli na karatasi imebandikwa. Wiki iliyofuata wakatuita, wakatupa mkono wa kwaheri na katoni nne za sabuni kila mmoja. Nikarudi nyumbani na sabuni ya kufulia dunia nzima, na asubuhi sina pa kwenda.

Mwezi wa sita dada yangu, fundi cherehani, akaanguka dukani kwake akiwa ameshika mkasi. Kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno yote yakamtoka isipokuwa moja. Neno lenyewe ni "kesho". Usicheke. Au cheka tu, hata sisi tulicheka baadaye. Fundi gani asiyejua kusema kesho? Miaka thelathini aliwaambia wateja njoo kesho, na ugonjwa ulipopita kuzoa kila kitu kichwani mwake ukaliacha hilo, nadhani kwa kuwa lilikuwa limeota mizizi. Ukimuuliza kama anataka maji, kesho. Ukimuuliza anaumwa wapi, kesho. Alikuwa anaelewa kila unachomwambia, ila wewe ndiye ulitakiwa kusikiliza sauti yake inavyopanda na kushuka ndipo ujue amejibu nini.

Nikahamia kwake. Niseme ukweli wangu, kiwanda kisingefungwa nisingekwenda, maana mimi na dada tulikuwa tumenuniana miaka mitano. Kwenye harusi na misiba tulisalimiana, lakini mguu wangu haukukanyaga duka lake. Kisa kilikuwa gauni. Alinishonea gauni la kitambaa cha kijani chenye maua meupe madogo, akanikabidhi mbele ya wateja. Mimi sikulijaribu. Nililitandaza juu ya meza yake, nikaomba rula, nikapima. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka kuliko la kulia kwa upana wa kidole. Nikamwambia, "Dada, limepinda hili. Kiwandani kwetu lingetupwa." Nikamwachia palepale mezani. Hakunijibu kitu, na dada yangu si mtu wa kukosa jibu. Kimya kile kilinishangaza kidogo, lakini nilijua nina haki, na mwenye haki haombi radhi.

Duka lenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba yake. Dirisha moja, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa kwa chini, na cherehani nyeusi ya kukanyaga ambayo rangi yake ya dhahabu imebaki kwenye pembe tu. Tulimwekea dada kiti karibu nayo. Kutwa nzima alikuwa anaiangalia, na wateja walikuwa wanaingia mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao. "Pole sana fundi, tutarudi ukipona," wanasema, huku kitambaa kiko kwapani na macho yako mlangoni.

Mwanawe, ambaye anatengeneza simu mtaa wa pili, akanivuta pembeni siku moja. "Mama mdogo, hii mashine lazima itoke. Kila mama akiiangalia machozi yanamtoka. Nimepata mtu atakayeichukua mwisho wa mwezi."

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Nimemuuliza. Kasema kesho."

Nikamtazama dada. Machozi yalikuwa yanamtoka kweli, hilo kijana hakusema uongo. Lakini mkono wake wa kushoto, ule mzima, ulikuwa umeshika ukingo wa cherehani, vidole vimekakamaa. Moyo wangu ukaniambia kwamba siku cherehani ile itakapopitishwa mlangoni, na yeye hatakaa sana baada yake. Nikaogopa. Mwaka ulikuwa umeshanichukulia kazi, sikuwa tayari unichukulie na mtu.

Nikamwambia kijana anipe mpaka mwisho wa mwezi huohuo. Kabatini kulikuwa na kitambaa cha bluu cha sare tisa za wasafishaji wa hospitali, wao peke yao ndio hawakuwa wamekuja kuchukua chao. Nikizishona zikatoka sawa, mashine inabaki. Nikishindwa, aje na mtu wake.

"Kwani wewe unajua kushona, mama mdogo?"

"Bibi yako alitufundisha wote wawili," nikamjibu. "Mstari ulionyooka nitaushona." Sikumwambia kwamba kukata sijui.

Sasa ukitaka kukata lazima uwe na vipimo. Nikatafuta daftari la vipimo vya wateja. Nilipekua kabati, nikapekua chini ya meza, nikainua mpaka godoro. Hakuna daftari. Nikaichukua ile futi ya kupimia ambayo dada alikuwa anaivaa shingoni tangu nikiwa msichana, nikaisogeza dirishani. Namba zote zilikuwa zimefutika isipokuwa sita mpaka kumi na moja. Nikabaki naigeuzageuza. Mtu amepima watu wa mtaa mzima kwa futi isiyo na namba, aliwapimaje?

"Dada, vipimo uliweka wapi?"

"Kesho," akasema, na kidole gumba cha kushoto kikaelekea juu ya kabati. Kulikuwa na bati la biskuti. Nikalishusha, nikalifungua, nikakuta kamba. Kamba za pamba, nyembamba, nyingi sana, kila moja imeviringishwa na kufungwa kitambaa kidogo mwishoni, zote nyeusi kwa mafuta ya mikono na jasho. Zilikuwa na mafundo. Nikamwangalia dada, dada akaangalia pembeni kama mtu aliyefumaniwa.

Dada alitoroka shule darasa la pili kwa sababu ya mwalimu mmoja wa hesabu, hilo nalijua, fimbo zile nazikumbuka hata mimi. Nilichokuwa sijui ni kwamba hakurudi tena kwenye namba maisha yake yote. Futi ya shingoni ilikuwa pambo la kazi. Mteja akigeuka nyuma, yeye anatoa kamba mfukoni, anapima, anafunga fundo. Miaka thelathini, na hakuna aliyejua, hata mimi niliyejiona macho yangu hayapitwi na kitu.

Basi nikaanza uchunguzi. Nakuambia, tangu kiwanda kifungwe sikuwa nimepata kitu cha kunifanya niamke na hamu namna ile. Kamba tisa zilikuwa na kitambaa cha bluu, hao ni wasafishaji. Pamoja na kitambaa, kila moja ilikuwa na kitu kingine cha kuitambulisha: moja ina kifungo, nyingine ushanga mwekundu, na moja ina kipande cha waya wa mpini wa ndoo, na mwenye hiyo hahitaji maelezo. Kwenye kila kamba kulikuwa na fundo moja karibu na ncha, halafu mawili yaliyogusana, halafu matatu, manne, matano. Nilisimama mbele ya kioo nikijizungushia kamba ya mtu mwingine kama mwehu. Fundo moja nikalijaribu kwenye mkono, likawa fupi mno.

"Mkono?" nikauliza.

"Kesho," dada akapuliza, kama anafukuza nzi.

"Bega?"

"Kesho," sauti ikashuka, ikatulia. Ndiyo hiyo. Tukaenda hivyo siku mbili. Moja ni bega, mawili ni mkono, matatu kiuno, manne kifua, matano nyonga, na mwisho wa kamba ni urefu wa gauni. Nilipolipata la nyonga nilipiga makofi peke yangu. Mtu asiyejua namba alikuwa ametengeneza daftari lisilohitaji macho, maana unaweza kulisoma kwa vidole gizani.

Na hapo ndipo kiherehere changu kikaniponza. Siku iliyofuata kijana alimpeleka mama yake kwenye mazoezi ya mkono hospitalini. Nikabaki na bati. Kamba zilikuwa chafu, jamani. Zilinuka. Mkaguzi hawezi kuchukua kipimo kwenye kitu kichafu namna ile, na mimi nina katoni nne za sabuni. Nikachemsha maji, nikazitumbukiza, nikazifikicha moja moja, nikazisuuza mara tatu, nikazianika juani. Ziling'aa. Dada aliporudi akaziona kwenye waya, akaanza, "Kesho, kesho, kesho, kesho," huku anapiga mkono wa kiti. Nikamwambia, "Usijali dada, ndugu hawashukuriani." Mimi nilidhani ananishukuru.

Nikachukua rula, nikaandika vipimo vyote kwenye daftari langu kwa sentimita, kwa mistari mizuri. Nikakata. Nikashona siku kumi na mbili. Dada alikuwa anageuza uso ukutani kila nikishika mkasi, nikasema moyoni, anaona wivu, masikini. Mishono ilinyooka kabisa. Nikazikunja sare tisa, nikazipanga mezani, nikatuma salamu kwa wenyewe.

Mama Ndoo alikuja wa kwanza na kuvaa wa kwanza. Mikono ya gauni ikaishia katikati ya kiwiko na kifundo. Vifungo vya kifuani vikatazamana kwa mbali kama wagomvi. Akajigeuza kwenye kioo, akaniuliza kwa upole, "Hili umenishonea mimi au mwanangu?" Akaja wa pili, wa tatu. Zote tisa, hakuna hata moja iliyofunga.

Walipoondoka nilitaka kulia nikakasirika badala yake. Kwangu hasira huja haraka. Nikamgeukia dada nikamwambia kamba zake ni za uongo, kwamba ndiyo faida ya kukimbia shule, na kwamba miaka mitano iliyopita nilisema gauni limepinda nikaonekana mbaya. Maneno yale nayajutia mpaka leo. Dada alinyoosha mkono wa kushoto akavuta droo ya cherehani, ile ndogo ya pembeni ya kuwekea sindano, akatoa kamba moja, akanitupia mapajani.

Ilikuwa nyeusi tii. Hii haikuwa ndani ya bati, kwa hiyo haikuguswa na sabuni. Mwishoni ilikuwa na kitambaa cha kijani chenye maua meupe madogo.

Nikaduwaa. Ilikuwa kamba yangu. Nikasimama, nikaizungusha kifuani, mafundo manne yakaja yakakutana na ncha sawasawa. Kiunoni ilizidi kidogo, lakini mwaka ule ulikuwa umenikausha. Mkono sawa. Urefu sawa. Kitu kimoja tu sikukielewa: penye fundo la bega kulikuwa na mafundo mawili ya mojamoja, yameachana upana wa kidole. Kamba nyingine zote zina moja. Nikakiacha hicho kwanza, maana swali kubwa lilikuwa limekuja. Kama kamba hii inasema kweli, zile nyingine zimeanza uongo lini? Nikachukua moja ya zile nyeupe. Nikaivuta kati ya vidole vyangu, ilikuwa imekaza, mafundo yamekuwa madogo na magumu. Nikatazama karai la kufulia pale mlangoni. Nikakumbuka sweta la marehemu baba ambalo mama alilichemsha, likaishia kuvaliwa na mimi nikiwa na miaka saba.

Kamba zilikuwa zimerudi, zimekuwa fupi. Mimi, mkaguzi wa miaka ishirini na sita, nilikuwa nimechemsha vipimo vya mtaa mzima.

Nikapiga magoti mbele ya kiti cha dada. "Dada, kosa ni langu. Nilizifua. Zimesinyaa zote, na wewe uliniambia, nami nikakujibu ndugu hawashukuriani." Zilikuwa zimebaki siku nne mwezi uishe.

Dada akanitazama. Mdomo wake ukaenda upande mmoja, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Tangu mwezi wa sita sijamsikia akicheka, na kicheko hakikuwa kimepooza hata kidogo, kilitoka kizima kama cha zamani, mpaka akajifuta pua kwa bega. Halafu akapiga cherehani kofi akasema, "Kesho," na safari hii nilielewa kila kitu kilichomo ndani yake. Waite. Tunapima upya.

Wakaja mchana, wakitoka zamu, watatu siku ya kwanza. Nilikata kamba mpya. Mimi nilikuwa nashika ncha kwenye mwili wa mtu, dada anaivuta kwa mkono wa kushoto mpaka mahali pake, anaibana kwa meno, anafunga fundo. Fundo la kwanza lilimchukua muda mrefu sana. Msafishaji mwenye ushanga alisimama mkono umeinuliwa bila kulalamika, jasho linamtoka dada usoni. Nikanyoosha mkono kumsaidia akanipiga kofi la vidole. Kufikia fundo la tano alikuwa ameshapata mwendo. Siku ya pili alikuwa anafunga huku anamtolea macho Mama Ndoo avute tumbo ndani.

Magauni yenyewe tuliyafumua ubavuni. Dada akachagua kitambaa cha kijivu kwenye masalio, akakilaza kwenye mshono kwa mkono wake, akanionyesha: ukanda mmoja kila upande, na mwingine mwishoni mwa mikono. Nikashona yeye akiangalia. Nilipokosea alikohoa.

Siku ya mwisho wa mwezi, saa tisa mchana, sare nne zilikuwa tayari na tano bado. Nilikuwa nimeshindwa, ahadi ni ahadi. Gari dogo la mizigo likasimama nje, kijana akaingia na mnunuzi, mzee mwenye kamba ya kufungia mashine begani. Walitukuta na msafishaji wa tisa katikati ya chumba, mimi nimeshika ncha mgongoni mwake, na dada amesimama. Sikuwa nimeona ameinuka lini. Alikuwa ameegemeza nyonga kwenye cherehani, kamba iko kwenye meno, anakaza fundo.

Kijana aliganda mlangoni. Mnunuzi akasalimia, akasema amekuja kuchukua mashine. Dada akamaliza fundo lake bila haraka. Akatoa kamba mdomoni, akamtazama yule mzee kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama alivyowatazama wateja wasumbufu miaka thelathini.

"Kesho," akamwambia.

Hata mnunuzi alicheka. Kijana hakucheka, alikwenda akamkumbatia mama yake, akakaa hivyo muda, na msafishaji wa tisa akaniuliza kama anaweza kushusha mikono. Gari likaondoka tupu. Sare zilizobaki zilitoka siku sita baadaye, na ule ukanda wa kijivu uliwapendeza kiasi kwamba wauguzi nao wakaja kuulizia.

Lile fundo la bega lilizidi kunikereketa. Jioni ile ya kukabidhi sare nikaichukua kamba yangu nikamwekea dada mapajani. "Hii ina mabega mawili. Kwa nini?"

Akaniashiria nisimame mbele ya kioo. Akaja polepole kwa mguu wake wa kuburuta, akaweka ncha shingoni mwangu, akaivuta mpaka bega la kulia. Fundo la nje likatua sawasawa kwenye mfupa. Akaihamishia kushoto. Lililotua ni lile la ndani. Kisha akanishika mabega yote mawili kutoka nyuma, akaninyoosha nitazame mbele, na kwa mara ya kwanza nikajikagua mwenyewe. Bega langu la kushoto limeshuka. Limeshuka kwa upana wa kidole. Miaka ishirini na sita nimeinamia mizani upande ule, na nyani haoni kundule.

Dada akafungua kabati, akatoa gauni la kijani kutoka chini kabisa, limekunjwa vizuri, lina harufu ya kukaa. Nikalivaa. Nilipojitazama, mabega yalikuwa yamekaa sawa pande zote mbili, na hakuna mtu duniani ambaye angejua kwamba mwenye gauni amepinda. Alikuwa amenishonea vile nilivyo, na hakutaka kuniambia kasoro yangu mbele ya wateja. Mimi ile niliyodhani ni kasoro yake niliitangaza mbele yao.

"Dada," nikasema, "samahani. Na asante." Nilikuwa nawaza kwamba lile geti lisingefungwa, na sabuni zile nisingepewa, na kamba nisingezichemsha, yeye angekuwa bado yuko kitini anaangalia cherehani, au hayupo, na mimi ningeendelea kuwa na haki yangu peke yangu nyumbani.

Dada alikuwa anaangalia kiunoni mwangu, ambapo gauni lilikuwa limelegea. Akainua kamba yangu, akaniashiria nishike ncha, akaivuta mpaka mahali pake papya. Akaibana kwa meno, akafunga mafundo matatu, kisha akaiweka ndani ya bati pamoja na za wenzangu.